Kabla hujabeba lenzi kuukuu porini

Ukipata lenzi ya zamani ya kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5, usianze na mikwaruzo. Mkwaruzo mmoja mbele hauharibu kitu. Zima taa, mulika tochi kutoka nyuma, uchungulie ndani kwa mshazari: ukiona ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi, hapo ndipo utofauti wa mwanga na kivuli unapopotelea.

Kisha shata, yaani kifaa kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga. Iweke sekunde 1, iachie mara kadhaa, usikilize. Grisi ikiganda, mlio unajivuta au unakwama katikati. Rekodi sauti kwa simu upime. Ikitoa sekunde 1.5 kila mara, hiyo ni kama nusu stopu tu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Andika kwenye kipande cha teepu, bandika kwenye ubao wa lenzi, kile kibao kinachoishika lenzi mbele ya kamera, maisha yaendelee. Shata inayobadilika-badilika ndiyo ya kupeleka kwa fundi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari mlimani. Tessar, aina mojawapo ya lenzi za zamani, ya milimita 150 inafunika filamu ya inchi 4 kwa 5 kwa shida. Pandisha ubao wa lenzi kidogo, pembe zinaingia giza. Dagor, aina nyingine, ya urefu huohuo, ukibana tundu la mwanga hadi f/22 au zaidi, inakuachia nafasi ya kupandisha. Tena vioo vyake vimegandishwa katika mafungu mawili, nyuso zinazogusa hewa ni 4 tu, kwa hiyo hata isiyo na utando wa kuzuia mng'ao haififishi picha sana. Kofia ya kukinga jua beba vilevile.