Kupiga picha ya jua kwa darubini ya milimita 40 ukiwa Mwanza

Maelezo haya ni ya darubini ndogo ya jua ya haidrojeni-alfa, aina ya Coronado PST (kipenyo milimita 40, urefu wa fokasi milimita 400), pamoja na kamera ya kawaida ya DSLR. Darubini hii hupitisha mstari mmoja mwembamba wa mwanga mwekundu, nanomita 656.28. Katika mstari huo ndipo huonekana ndimi za gesi ukingoni mwa jua na nyuzi nyeusi usoni mwake. Vichujio vyake vikiwa na ufa au madoa kama ya kutu, usiitumie darubini hadi ikaguliwe. Na darubini ya kawaida isiyo na kichujio cha jua mbele usiielekeze juani kabisa. Jicho huungua bila kuuma.

Hatua ya 1: Mahali

Mawe ya Mwanza ni mazuri kwa kukalia, mabaya kwa picha. Yakishapata joto, hewa inayopanda juu yake hufanya ukingo wa jua uchemke kama maji ya ugali, na hakuna kamera ya kutibu hilo. Mabati na lami ni hivyo hivyo. Simama kwenye majani karibu na maji, jua likiwa upande wa ziwa, kwa sababu maji hayapati joto haraka. Ukiwa Capri Point, rasi ya mjini Mwanza, ziwa liko magharibi, kwa hiyo saa yako ni alasiri, kuanzia saa 9. Anayetaka jua la asubuhi juu ya maji avuke hadi Kamanga, ng'ambo ya ghuba. Upepo wa ziwani ukianza kutikisa stendi, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu yake.

Usihangaike na stendi ya ikweta yenye mota, ile inayolifuata jua yenyewe, mhimili wake ukiinamishwa kwa nyuzi za latitudo ya mahali. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na nyingi haziwezi kulala chini kiasi hicho. Stendi ya kawaida inatosha: kwa 1/60 ya sekunde, jua halisogei kiasi cha kuonekana pichani.

Hatua ya 2: Kuunganisha kamera

Unahitaji ringi T ya kamera yako (ringi inayokaa mahali pa lenzi ya kamera), bomba la inchi 1.25 la kuingia kwenye darubini, na lenzi ya Barlow ya mara 2 (lenzi inayokuza taswira). Bila Barlow kamera haisogei ndani ya kutosha na fokasi haipatikani. Wengi hudhani darubini ni mbovu. Ukiwa nayo, taswira ya jua kwenye sensa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) huwa na upana wa milimita 7.5 hivi.

Kulipata jua, usichungulie juu ya bomba. Geuza darubini hadi kivuli chake ardhini kiwe kidogo kabisa.

Hatua ya 3: Fokasi

Jifunike kitenge kizito pamoja na kamera, la sivyo skrini haionekani. Weka kamera kwenye rangi nyeusi na nyeupe, kuza skrini mara 10, tafuta fokasi ukingoni mwa jua. Ukingo ukionekana wazi bila ukungu, zungusha polepole ringi ya kichujio hadi nyuzi nyeusi zitokee, kisha rudia fokasi.

Hatua ya 4: Mwangaza

Picha nyingi hufia hapa. Pikseli (vitone vya sensa vinavyopokea mwanga) za nyekundu ni moja tu kati ya kila nne. Za kijani na bluu hazipati karibu chochote. Histogramu ya jumla (grafu ya mwangaza wa picha kwenye skrini) huzichanganya zote na kukuambia picha ni giza, nawe unaongeza mwanga, kumbe nyekundu imeshajaa na uso wa jua umekuwa kama sahani tupu. Rudisha kamera kwenye rangi, fungua histogramu ya nyekundu peke yake na uache kilele chake kwenye theluthi mbili za upana.

Anza na ISO 400 na 1/60, kisha rekebisha. Piga faili ghafi za RAW, si JPEG, kwa kipima muda cha sekunde 2 ili mkono usitikise. Ndimi za ukingoni ni hafifu: zipigie seti nyingine yenye mwanga mara nne hadi nane, ukikubali uso wa jua uwe mweupe mtupu. Piga picha 100 kwa kila seti.

Usisikitikie hizo pikseli tatu zilizolala. Darubini ya milimita 40 haina undani wa kuzijaza.

Hatua ya 5: Kompyuta

Chukua rangi nyekundu pekee, tupa zilizobaki. Kisha tumia programu tatu. PIPP hupanga jua katikati, AutoStakkert huchagua picha bora na kuzirundika ziwe moja (chukua 30 bora kati ya 100), ImPPG hunoa. Zote ni za bure. Ukinoa mpaka ukingo upate mstari mweupe, umezidisha, rudi nyuma. Rangi ya chungwa huongezwa mwisho, kwa wanaoipenda.

Picha ikitoka nusu moja ya jua ikionekana wazi na nyingine butu, kichujio hakijaharibika: darubini hii ina ukanda mmoja tu ulio bora. Sogeza jua kwenye fremu, upige upya, uunganishe. Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakisogea kwako, funika lenzi kwanza, maana wakishagandamizwa kwenye kioo hawafutiki kwa kitambaa kikavu.