Namna ya kupima thamani ya jezi, saini na kadi za michezo

Kabla ya kuuliza bei, uliza hiki nilichoshika ni nini hasa. Makosa mengi ya bei huanzia hapo. Mtu ana jezi yenye jina la mchezaji mkubwa mgongoni, anaona jezi inayofanana imeuzwa mnadani kwa mamilioni, anadhani na yake iko karibu na hapo. Mnunuzi makini halipii kitambaa wala jina. Analipia kile kinachoweza kuthibitishwa juu ya kitambaa hicho, na kila hatua ya ushahidi inayokosekana hushusha bei.

Tuanze na jezi, maana ndiyo inayochanganya watu zaidi.

Kuna jezi ya mashabiki, ile ya dukani. Kuna jezi iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezaji ikabaki kabatini bila kuvaliwa. Halafu kuna iliyovaliwa uwanjani. Wauzaji hupenda kutumia maneno kama "jezi ya mchezaji" bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili za mwisho, ilhali bei zake hazikaribiani. Kwenye soka kuna jambo jingine: mchezaji mara nyingi huandaliwa jezi zaidi ya moja kwa mechi moja na hubadilisha wakati wa mapumziko. Kwa hiyo hata ukithibitisha kuwa jezi ni ya mechi fulani, bado hujathibitisha ni ya kipindi gani, na bao linaweza kuwa limefungwa kwenye kile kingine.

Jezi ya Maradona ya robo fainali dhidi ya Uingereza, Juni 22, 1986, ilikumbana na swali hilohilo. Kiungo wa Uingereza Steve Hodge alibadilishana naye jezi baada ya mechi, akakaa nayo miaka mingi, na kwa muda mrefu ilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya soka Uingereza. Ilipotangazwa kuuzwa na nyumba ya mnada ya Sotheby's mwaka 2022, familia ya Maradona ilidai kuwa ile ni ya kipindi cha kwanza. Dai zito, kwa sababu mabao yote mawili, la mkono na lile la kupiga chenga nusu ya timu, yalifungwa dakika ya 51 na ya 55. Kilichookoa bei ni picha. Argentina walikuwa wamenunua jezi za bluu jijini Mexico City muda mfupi kabla ya mechi, nembo zikashonwa haraka na namba za kung'aa zikabandikwa kwa pasi. Kazi ya mkono ya namna hiyo haitoki sawa mara mbili. Nembo, mistari na namba za jezi ile zililinganishwa na picha za mabao yenyewe, zikaafikiana. Iliuzwa zaidi ya pauni milioni 7.

Kulinganisha jezi na picha unaweza kuanza mwenyewe kabla ya kumlipa mtaalamu. Tafuta picha za mechi zenye ubora mkubwa, si zile zilizobanwa kwenye simu. Kisha tafuta vitu visivyojirudia kati ya jezi moja na nyingine: mahali ambapo mstari wa jezi unakatwa na mshono wa bega, uzi wa nembo uliopita juu ya herufi, ukingo wa namba uliobanduka, kitambaa kilichochomolewa nyuzi, kiraka. Piga picha ya jezi yako kwa pembe ileile na mwanga wa ubavuni, weka picha mbili sambamba, hesabu alama. Alama moja haitoshi, kwani inaweza kutokea kwa bahati. Alama mbili tatu zisizotegemeana, kwenye sehemu tofauti za jezi, ndizo zinazoanza kuwa ushahidi. Tope na jasho usivihesabu kabisa, kwa sababu ni rahisi kuvipaka baadaye.

Na tafadhali, usiifue. Jezi iliyovaliwa ikifuliwa hupoteza madoa ambayo picha inayaonyesha, na huwezi kuyarudisha.

Jezi ambayo nyota wa besiboli Babe Ruth aliivaa kwenye mchezo wa tatu wa fainali za besiboli za Marekani za 1932 iliuzwa mwaka 2005 kwa takribani dola 940,000. Mwaka 2024, ikiwa sasa na ulinganisho wa picha ulioifunga na mchezo ule, iliuzwa dola milioni 24.12. Soko lote lilipanda katikati ya miaka hiyo, kwa hiyo si haki kuhesabu ongezeko lote kama kazi ya picha. Lakini mnunuzi wa kiwango kile hatoi pesa zile bila ushahidi wa namna ile.

Saini

Kwa saini, uliza mambo manne kwa pamoja: ya nani, iko juu ya nini, kwa kalamu gani, na lini. Yakipingana, simama.

Chukua mpira wa besiboli unaosemekana umesainiwa na Ruth. Ruth alifariki Agosti 16, 1948. Mipira rasmi ya ligi za Marekani huwa na chapa ya mtengenezaji na, kwa miaka mingi, jina la rais wa ligi. Kampuni ya Rawlings ilianza kutengeneza mipira ya ligi kuu mwaka 1977, na Bobby Brown alikuwa rais wa American League, moja ya ligi mbili kuu za besiboli, kuanzia 1984 hadi 1994. Mpira wenye chapa ya Rawlings na jina la Brown hauwezi kubeba saini ya Ruth, hata saini iwe nzuri kiasi gani. Uchunguzi huo unachukua nusu dakika. Watu huukosa kwa sababu macho yote yako kwenye saini.

Karatasi nayo husema umri wake. Zima taa, washa taa ya UV, ile ya kukagulia noti. Kemikali za kung'arisha karatasi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo kadi au picha inayodaiwa kuwa ya 1910 ikiwaka samawati kali, mashaka ni makubwa. Kwenye nguo kuwa mwangalifu zaidi: jezi ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni za siku hizi nayo huwaka, bila kuwa ya kughushi.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10. Saini iliyochapishwa mara nyingi huonyesha vitone vidogo vya rangi. Saini ya mkono huonyesha mikandamizo: kalamu inakolea mahali fulani na kufifia pengine, na mistari inapokatizana unaona mmoja umepita juu ya mwingine. Mtu aliyezoea kusaini huanza na kumaliza kalamu ikiwa tayari mwendoni, hivyo ncha za herufi huchongoka. Anayeghushi huchora: ncha butu, mkono unaotetemeka kwenye mikunjo, vidoa vya wino pale aliposita. Mashine ya kusaini huacha wino wa uzito mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na saini zake mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine hulingana. Binadamu hasaini hivyo.

Linganisha na saini za kipindi kilekile. Muhammad Ali alikuwa Cassius Clay hadi 1964, na mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, ambao kadiri miaka ilivyopita ulibadilisha mwandiko wake. Saini laini, yenye mikunjo mipana, kwenye kitu kilichotengenezwa miaka yake ya mwisho inahitaji maelezo. Jina Clay kwenye picha ya pambano la Kinshasa la 1974 nalo linahitaji maelezo, ingawa alikuwa akiliandika baadaye alipoombwa.

Cheti cha muuzaji mwenyewe kina uzito wa muuzaji mwenyewe, basi. Kwenye operesheni ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliyoitwa Bullpen, iliyofumua magenge ya saini za kughushi huko Marekani kuanzia miaka ya 1990, vitu vya uongo vilikuwa vikiuzwa pamoja na vyeti vyake. Ukipewa namba ya cheti cha kampuni huru, iingize kwenye tovuti ya kampuni hiyo, kisha linganisha picha iliyohifadhiwa na kitu ulichoshika, mstari kwa mstari. Namba sahihi peke yake haitoshi, kwani stika yenye namba hiyo hubanduliwa kwenye kitu halisi na kubandikwa kwingine.

Mambo mengine yanayosogeza bei ya saini: kalamu ya kawaida ya wino ndiyo inayopendwa kwenye mpira wa besiboli, kwa kuwa wino wa maka peni husambaa kwenye ngozi kadiri miaka inavyokwenda. Saini iwe kwenye nafasi wazi pale mishono inapokaribiana. Neno la kumtaja mtu, "Kwa rafiki yangu fulani", kwa kawaida hupunguza wanunuzi, isipokuwa huyo fulani naye awe anajulikana. Kwenye mpira wa timu nzima, kagua kila jina, maana zamani wahudumu wa vyumba vya kubadilishia nguo waliwasainia nyota waliochoka.

Kadi

Kwa kadi, yaani zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, ubora wa hali ndiyo bei. Wapimaji, yaani kampuni zinazoipa kadi daraja la 1 hadi 10, huangalia vitu vinne: pambizo, pembe, kingo na uso. Pambizo unapima kwa rula: kushoto milimita 2, kulia 3, hiyo ni 40 kwa 60, na kwa daraja la juu kabisa la siku hizi tayari ni tatizo. Pembe ziangalie kwa lenzi kwenye mandhari nyeusi, weupe wa karatasi utajionyesha. Uso uinamishe chini ya taa moja: mikwaruzo na mikunjo isiyoonekana ukitazama kwa mbele hujitokeza hapo.

Bei haipandi kwa hatua sawa. Kutoka daraja la 7 kwenda 8 inaweza kuwa hatua ndogo, kutoka 9 kwenda 10 ikawa mara kadhaa, kwa sababu idadi ya kadi zilizofika 10 ni ndogo. Idadi hiyo makampuni ya upimaji huitangaza. Isome kabla ya kununua.

Pima na ukubwa. Kadi nyingi za kisasa ni milimita 63.5 kwa 88.9 (za zamani zina vipimo vyake, vitafute kwa kila seti). Iliyopungua, hasa yenye kingo kali kuliko umri wake, huenda imekatwa. Kadi maarufu kuliko zote ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya mfululizo wa T206 uliotolewa 1909 hadi 1911, ilipewa daraja la 8 na kwa miaka mingi ikahesabiwa bora ya aina yake. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyewahi kuiuza, alikiri mahakamani kuwa aliikata kingo. Wagner nyingine, ya daraja la 2 tu, iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, kwani zinazojulikana duniani ni chache, kiasi cha 50 au 60. Uhaba wa kweli huvumilia pembe zilizochakaa.

Kinyume chake ni kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Zilichapishwa kwa wingi mno, na watu wakazihifadhi kwa uangalifu wakitarajia utajiri. Umri wake haukusaidii, kwa sababu nazo nzima ziko tele. Umri bila uhaba hauongezi kitu.

Medali na tiketi tutazipitia kwa kifupi. Medali ya dhahabu ya Olimpiki ya siku hizi ni fedha iliyopakwa angalau gramu 6 za dhahabu, hivyo madini si bei yake. Medali ya Jesse Owens ya Berlin 1936 iliuzwa zaidi ya dola milioni 1.4 mwaka 2013, ingawa haikujulikana ni ya shindano lipi kati ya manne aliyoshinda. Tiketi nzima hushinda kishina, yaani kipande kinachobaki baada ya kukatwa mlangoni, na mechi ya kwanza ya mchezaji hushinda mechi za kawaida: tiketi isiyotumika ya mechi ya kwanza ya Michael Jordan kwenye NBA, Oktoba 26, 1984, ilifika dola 468,000 mwaka 2022.

Kukadiria bei

Bei anayotaka muuzaji si bei. Tafuta mauzo yaliyokamilika, angalau matatu, ya miezi 6 hadi 12 iliyopita, ya kitu cha aina na daraja lilelile. Ondoa lililo juu kupita kiasi, maana wazabuni wawili waliogombana mara moja hawatarudi kwa ajili yako. Kama mchezaji amefariki majuzi au timu imetwaa kombe wiki jana, subiri. Bei ya msisimko mara nyingi hushuka.

Kisha toa gharama. Bei zinazotangazwa na nyumba za mnada kwa kawaida zina ada ya mnunuzi ndani yake. Ukiona kitu kimeuzwa 1,200 na ada ni asilimia 20, nyundo ya mnada iligonga kwenye 1,000. Muuzaji akikatwa kamisheni ya asilimia 10, anabaki na 900, bado hajalipia bima, usafirishaji na upimaji. Kitu ambacho kikithibitishwa kitaongeza bei kwa chini ya gharama ya uthibitisho, kiuze kilivyo na useme wazi kuwa hakijapimwa.

Wakati unangoja, kiweke gizani, joto la nyuzi 18 hadi 21, unyevu asilimia 40 hadi 50. Mwanga wa jua hufifisha wino wa kalamu ndani ya miezi. Tumia mifuko ya polipropilini, kamwe si PVC, kwani hutoa kemikali na kung'ang'ania uso wa kadi. Usilaminishe, usipake vanishi mpira, usikazie saini iliyofifia. Barua, bahasha, picha ya siku kitu kilipopatikana na risiti ya mnada uliopita vihifadhi pamoja nacho, na kwenye karatasi ya pembeni andika kwa penseli nani alimpa nani, wapi na tarehe gani, wakati wanaokumbuka wangali hai.