Buti la dola 412: kabla hujasaini kwenye kliniki za Marekani

Januari mwaka juzi niliteleza kwenye barafu pale tunapoegesha magari kazini, hapa Columbus, Ohio. Kifundo cha mguu kikaumuka kama andazi. Kliniki ya mifupa niliyokwenda imo kwenye mtandao wa bima yangu, yaani kundi la watoa huduma waliopatana bei na bima, daktari yumo, eksirei ikalipwa bila matata. Kilichonitoa jasho ni buti.

Mnalijua: lile jeusi la plastiki, lenye mikanda ya velkro na kipampu cha kujaza upepo. Dada wa mapokezi alilitoa kabatini humo humo kliniki, akanivisha, akakaza mikanda, akaninyooshea tableti. "Saini hapa tu." Nikauliza bei. Akacheka, akasema bima itashughulikia. Nikasaini kwa kidole na kuondoka nachechemea, nikishukuru.

Wiki 7 baadaye ikaja bili ya dola 412 kutoka kampuni ya jimbo jingine ambayo sijawahi hata kuisikia. Kumbe vilivyomo kabatini si mali ya kliniki. Kampuni ya vifaa huweka mzigo wake pale, kliniki inamvisha mgonjwa, kisha kampuni ndiyo inayodai. Kampuni yenyewe haikuwa kwenye mtandao wa bima yangu. Na ile saini ya kidole ilikubali mambo matatu kwa mpigo: nimepokea kifaa, naruhusu bima idaiwe, na bima ikikataa nitalipa mimi. Buti kama hilo nililiona mtandaoni halifiki dola 80.

Narudia, maana hapa ndipo tunapopigwa: daktari kuwa kwenye mtandao hakumaanishi kwamba buti lake nalo limo. Mtu atakuambia ipo sheria ya kuzuia bili za kushtukiza, iliyoanza Januari 1, 2022. Ipo kweli, lakini inakukinga kwenye dharura, na kwenye huduma za hospitali au vituo vya upasuaji vilivyomo kwenye mtandao wako. Ofisi ya kawaida ya daktari haihesabiki, na mimi nilikuwa ofisini.

Kliniki kutoa kifaa na kudai malipo yake si kosa. Kwa wagonjwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, inatakiwa isajiliwe kama msambazaji wa vifaa, leseni ya udaktari peke yake haitoshi. Ipo pia sheria iitwayo Stark, inayombana daktari asimpeleke mgonjwa kwenye vifaa anavyopata faida navyo. Magongo, fimbo na viti vya magurudumu vya kukunja vinaruhusiwa kwa masharti.

Basi kabla mguu haujaingia ndani ya buti, uliza: nani atadai? Yumo kwenye mtandao wangu? Namba ya kifaa, ile inayoandikwa kwenye madai ya bima, ni ipi? Nikilipa taslimu ni kiasi gani? Ipigie bima simu ukiwa umekaa pale pale kitandani. Wakinuna, wanune. Wamarekani hawa wanalinganisha bei ya maziwa kati ya maduka mawili, lakini ukiuliza bei kwa daktari wanakutazama kana kwamba umetukana. Unaweza pia kumwomba daktari akuandikie tu, ukanunue mwenyewe. Si ndivyo tunavyofanya nyumbani? Cheti mkononi, unavuka barabara hadi duka la vifaa vya hospitali, unapatana, unadai risiti.

Bili ikishakuja, omba mchanganuo. Wangu uliandikwa namba ya kifaa L4360, yaani buti lililorekebishwa na mtaalamu likae sawasawa na mguu wa mgonjwa. Lililotolewa kabatini na kufungwa tu ni L4361. Kukaza velkro si kurekebisha, hata mwanangu wa miaka 6 anakaza. Niliandika barua mbili, moja kwa bima na moja kwa kampuni, nikaeleza hilo. Ikachukua miezi 4, wakashuka hadi dola 150. Nikalipa nikinung'unika.

Wenye wazazi waliojiunga na Medicare, sikilizeni. Ukishatimiza kiasi cha kujilipia cha mwaka, Medicare hulipa asilimia 80 ya bei iliyoikubali, wewe 20. Lakini muulize msambazaji kama anaipokea bei hiyo kuwa malipo kamili. Asipoipokea, kwenye vifaa hakuna ukomo wa anachoweza kukudai juu yake.

Na jamani, wazee wetu wanapenda cha bure. Mama mkwe wangu alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole, akaahidiwa mkanda wa mgongo bila malipo, akamsomea namba yake ya Medicare yote, tena mara mbili kwa kuwa simu ilikuwa inakwaruza. Ikafika mikanda ya mgongo, magoti yote mawili na kiganja. Mgongo haumuumi. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 24 kwa mchezo huo huo wa kuidai Medicare mikanda isiyohitajika, hasara ikitajwa kuzidi dola bilioni 1.2. Medicare haimpigii mtu simu kumuuzia mkanda.

Tuliripoti kwa namba ya Medicare, 1-800-633-4227, tukakataa vifurushi vilivyofuata. Yule kijana bado anapiga. Siku hizi mama anamwambia, "Subiri nikupe mkwe wangu," kisha anaiweka simu juu ya friji na kuendelea kuchambua mchele.