Kuingia kwenye sera za umma kwa mlango wa data

Niliingia shahada ya uzamili ya sera za umma nikitokea sosholojia, na kazi niliyokuwa nimeifanya kabla ya hapo ni kuingiza data za wagonjwa kwenye kompyuta. Darasani nilikuta wanasheria na wachumi waliokuwa wakizungumza kwa kujiamini. Ile kazi ya kuingiza data ndiyo iliyonibeba, kwa hiyo ushauri wangu una upendeleo.

Ukitaka kuunganisha sera na usimamizi wa taarifa, usianze kwa kutafuta chuo. Anza na swali moja linalokukera: kwa nini posho haiwafikii wanaostahili, kwa nini dawa zinaisha kituo hiki na kuharibikia kingine. Kisha jiulize jibu lake liko kwenye rejista gani, nani anaijaza, na akiijaza ana watu wangapi kwenye foleni. Ukifika hapo, nusu ya barua yako ya maombi imeshapatikana. Habari za kuwa na shauku ya kuleta mabadiliko waachie wengine.

Sasa tazama programu zenyewe. Jina la shahada lisikubabaishe. Soma orodha ya kozi za lazima. Takwimu na hifadhidata zikiwa za hiari tu, jua utazitafuta mwenyewe. Vipo vyuo vilivyoweka fani zote mbili chini ya paa moja, kama Heinz College ya Carnegie Mellon, Marekani. Kwingine utaomba kusoma kozi za idara ya kompyuta au ya ukutubi. Wakutubi usiwadharau: kupanga taarifa ili zipatikane ndiyo kazi yao.

Kabla muhula haujaanza, jifunze SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata. Wazo lililo chini yake ni lile la mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd la mwaka 1970: data zinakaa kwenye majedwali, nayo majedwali yanaunganishwa kwa ufunguo, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, kama namba ya mgonjwa. Baadaye chukua R au Python, lugha za programu za kuchambua data, yoyote ile. Ubishi wa ipi bora hauna mwisho.

Halafu fanya zoezi ambalo mimi nalithamini kuliko mengine yote: chukua utafiti uliowahi kutumiwa na watunga sera, urudie hesabu zake. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walidai kwamba nchi ambazo deni lao linazidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa uchumi wa wastani wa hasi asilimia 0.1 kwa mwaka. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alijaribu kurudia hesabu hizo kama kazi ya darasani, zikakataa. Akaomba faili lenyewe la Excel. Fomula ya wastani ilikuwa imeziruka nchi tano. Kulikuwa pia na miaka iliyoachwa nje ya hesabu, na kasoro katika uzito uliopewa kila nchi kwenye wastani. Yote yaliporekebishwa, yeye na walimu wake wawili wakapata asilimia 2.2, wakachapisha mwaka 2013.

Makosa mengine Excel haiyaonyeshi kabisa. Fomu tuliyokuwa tukiitumia haikukubali kisanduku cha umri kiachwe wazi. Mgonjwa asipojua umri wake, karani alijaza 99 na kuendelea na anayefuata. Ukichukua wastani wa safu hiyo bila kuuliza, unapata kijiji cha wazee, na bajeti inapangwa kwa ajili yao. Kwa hiyo ukipewa faili, kabla ya kugusa takwimu yoyote, panga kila safu kutoka ndogo hadi kubwa uangalie ncha zote mbili. Kisha mpigie simu aliyeijaza.

Mafunzo kwa vitendo yafanyie masijala au kitengo cha kumbukumbu. Ofisi ya waziri ina picha nzuri za kupiga, ila huko utaletewa ripoti iliyokwisha kupikwa.

Mwisho, jizoeze kuandika dokezo la kurasa mbili. Sentensi ya kwanza itaje uamuzi unaoupendekeza; kasoro za data ziwe ukurasa wa kwanza, zisifichwe kwenye kiambatisho. Mpe dokezo hilo mtu asiye wa fani yako, umwombe akueleze nini kifanyike Jumatatu asubuhi. Akikwama, liandike upya.