Likishatokea shambulizi: vile unaweza kuishi na uoga wako bila kuumiza wenzako

Kwanza weka simu chini. Najua ni ngumu, manake hapa Mombasa kitu kikilipuka saa nane mchana, kabla ya alasiri kila grupu la WhatsApp lishajaa video, na nusu yake si hata za hapo, ni za nchi zingine miaka ileee. Baada ya yale mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliona waliokuwa wakifuatilia habari masaa sita na zaidi kwa siku wiki ile walikuwa na stresi kali kushinda hata watu waliokuwa pale pale. Kwa hivyo habari mara moja asubuhi, mara moja jioni, basi. Picha za maiti futa, usiforwadi. Na watoto usiwaache mbele ya tivi inayorudia moshi ule ule, mtoto mdogo hajui ni marudio, yeye anaona kama imetokea tena.

Mwili nao utakuletea vituko. Tairi ya tuktuk ikipasuka moyo unaruka, usingizi unakatika saa tisa usiku, kwa matatu unatafuta siti ya karibu na mlango, ukifika Feri unahesabu watu wenye mabegi. Hiyo wiki za kwanza ni kawaida kabisa, hujarogwa wala hujachizi. Kula kwa wakati, nenda kazini, shinda na watu, ongea kama unataka kuongea na kama hutaki usilazimishwe.

Ila chunga unachokikimbia. Baada ya Septemba 2001 Wamarekani wengi waliogopa ndege wakashika barabara, na vifo vya magari vikapanda. Sisi nasi mtu anaogopa stegi anapanda boda bila helmeti na dereva wa mbio, sasa hapo umepunguza nini? Uoga pia unakula mkate wa watu. Mei 2014 lilirushwa guruneti Mwembe Tayari hapa Mombasa, hata wiki mbili hazijaisha watalii wa Kiingereza wakarudishwa kwao na ndege, na muuza vinyago ufuoni akakaa na mali yake. Ukiwa na uwezo endelea kununua pale ulipokuwa ukinunua.

Sasa lililo gumu zaidi, kushukiana. Dada amevaa buibui na mkoba mkubwa, siti ya pembeni inabaki tupu mpaka Likoni. Kijana Msomali anaingia dukani watu wananyamaza. Mtu hatangazi kwamba ameanza kubagua, anasema tu "niko makini". Kanuni yangu ni hii: tazama kitu na kitendo, nguo na jina achana nazo. Begi limeachwa peke yake, uliza kwa sauti "jamani hili begi la nani?", asipopatikana mwenyewe mwambie makanga, shukeni, pigeni 999. Lakini mama wa watu amekaa na kapu lake la samaki, unamtolea macho kwa nini? Kumbuka bomu la hoteli ya Kikambala 2002, wengi waliokufa walikuwa Wakenya wenzetu, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wakipokea wageni. Na kumbuka Mandera Desemba 2015, al-Shabaab walivamia basi, abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo, mwalimu Salah Farah akapigwa risasi na mwezi uliofuata akafariki. Jirani yako akianza kutengwa pale maskani, kaa naye kahawani mchana kweupe watu wakuone, hiyo inasaidia kuliko kumtumia meseji ya pole.

Mwezi ukipita na bado unaota yale yale, au hutoki nyumbani, au (wanaume hapa nawasema) miraa na pombe zimeongezeka ndio upate usingizi, tafuta mshauri. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bure. Imamu au padre wako naye ni sawa kwa kuanzia, lakini wengine wanakwambia omba tu halafu basi, ikiwa hivyo tafuta na mtaalamu.

Na kama moyo unataka kufanya kitu, toa damu. Siku ya kwanza foleni huwa ndefu, kama ilivyokuwa duka la Westgate Nairobi liliposhambuliwa 2013, na damu haihifadhiki zaidi ya wiki sita hivi, kwa hivyo we nenda wiki ya tatu au ya nne wengine wakishasahau.