Kuchagua Hisa Uchumi Unapodorora: Soma Fedha Taslimu Kabla ya Bei

Mwezi uliopita nilimsaidia shangazi yangu, mwalimu mstaafu, kuchagua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi. Alikuja na orodha ya kampuni kumi na moja ambazo bei zake zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya nusu, naye aliamini kwamba kila moja ilikuwa rahisi. Tulifuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Fungua akaunti ya CDSC, shirika linalotunza kumbukumbu za hisa kielektroniki, kupitia dalali wa hisa mwenye leseni, kisha utenge fedha usizozihitaji kwa miaka mitatu. Karo ya watoto haimo.

Hatua ya 2. Tafuta kilichoishusha bei. Hisa ya Safaricom ilivuka shilingi 40 mwaka 2021 na kufikia 2023 ilikuwa chini ya 15, ilhali kampuni iliendelea kupata faida na kulipa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Gharama za kuanza kazi Ethiopia zilichangia, lakini wawekezaji wa kigeni pia walikuwa wakiuza kwa sababu riba ilipanda Marekani na shilingi yetu ikadhoofika. Anguko la namna hiyo linastahili kuchunguzwa. La kampuni isiyouza tena bidhaa zake, liache.

Hatua ya 3. Soma taarifa ya mtiririko wa fedha katika hesabu zilizokaguliwa. Wengi huishia kwenye faida, nami sikubaliani nao, kwa kuwa faida inaweza kutokana na kiwanja kilichothaminiwa upya au na mauzo ambayo wateja hawajayalipia. Chukua fedha zilizotokana na shughuli za uendeshaji, uzilinganishe na mikopo inayopaswa kulipwa ndani ya miezi kumi na miwili. Zikipungua, kampuni itategemea huruma ya benki wakati ambao benki hazina huruma.

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza usiku mzima, na baadaye fedha. Hesabu za kampuni nyingi zina safu mbili, ya kundi zima na ya kampuni mama peke yake, nami nilisoma ya kampuni mama, ambayo haikuonyesha deni lolote la maana kwa sababu mikopo yote ilikuwa imebebwa na kampuni tanzu, zile inazozimiliki. Niliponunua, hisa hiyo ikasimamishwa kuuzwa sokoni, na fedha zangu zingali zimekwama humo. Soma safu ya kundi, hakikisha kama tarakimu ziko katika maelfu au mamilioni, kisha usome maelezo ya mikopo yaliyo nyuma ya kitabu cha hesabu. Kwa benki kipimo hiki cha fedha za uendeshaji dhidi ya mikopo hakifai, kwa kuwa amana za wateja huvuruga hesabu. Tazama mikopo isiyolipika, na kama mtaji wake wa jumla uko juu ya kiwango cha chini cha Benki Kuu, asilimia 14.5 ya mali zake zilizopimwa kwa hatari.

Hatua ya 4. Linganisha gawio na riba ya serikali. Hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024, yaani mkopo ambao wananchi waliipa serikali, ilitoa riba ya zaidi ya asilimia 18 bila kodi. Hisa inayolipa gawio la asilimia 6 ya bei yake kwa mwaka lazima iwe na sababu nyingine ya kununuliwa.

Hatua ya 5. Weka agizo lenye ukomo wa bei, yaani bei ya juu kabisa uliyo tayari kulipa. Katika hisa zisizo na wanunuzi na wauzaji wengi, agizo la bei yoyote ni kujipunja.

Katika kampuni kumi na moja za shangazi zilisalia mbili. Moja ameinunua, agizo la pili bado linasubiri bei yake.