Kupima zebaki kwenye mvua ya Dar: hatua kwa hatua kwa anayeanza masters au PhD

Wadogo zangu wa kemia na mazingira mnaniuliza sana hii kazi inaanzia wapi, basi naandika yote hapa. Nianze na kitu ambacho ndo roho ya kazi nzima: zebaki kwenye maji ya mvua tunaipima kwa nanogramu kwa lita, yaani sehemu ya bilioni ya gramu, na mvua nyingi zilizopimwa duniani ziko kwenye 5 mpaka 20 hivi. Kwa kiwango hicho kidole chako, pumzi yako, vumbi la kwenye shati lako, chochote kati ya hivyo kinaweza kuweka zebaki nyingi kuliko ile iliyoshuka na mvua. Mashine ndo inapima, wewe unalipwa kwa kuthibitisha kwamba kilichopimwa kimetoka mawinguni.

Hatua ya 1: Jua inafikaje huko juu

Zebaki inapanda hewani kama mvuke. Chanzo kikubwa kuliko vyote cha binadamu ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, pale mchimbaji anapochoma ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2018 iliweka uchimbaji huu kwenye karibu asilimia 38 ya tani kama 2,220 ambazo binadamu alirusha hewani mwaka 2015. Makaa ya mawe yanafuata. Ule mvuke hauyeyuki kwenye maji kirahisi kwa hiyo unazunguka angani miezi na miezi, mpaka ubadilishwe kikemia uwe aina inayoyeyuka, hapo ndo mvua inaushusha. Ukifika kwenye matope yasiyo na hewa, bakteria wanaugeuza kuwa methili-zebaki, inaingia kwa samaki, na kila samaki mkubwa anayemla mdogo inazidi kujikusanya. Ugonjwa wa Minamata, Japani, uliogundulika 1956, ulitokana na sumu hiyo, ingawa kule ilitoka kwenye maji taka ya kiwanda. Tukila jodari Feri tunakula mwisho wa safari ya aina hii.

Hatua ya 2: Tafuta maabara kabla ya kuandika prapozo

Wengi wanafanya kinyume. Wanaandika prapozo nzuri, inapita, alafu ndo wanaanza kuuliza nani ana mashine ya kupima nanogramu. Muulize supavaiza wako swali moja la moja kwa moja, blanki za hiyo maabara (maji safi yanayopimwa kama sampuli kuona uchafu wa maabara yenyewe) zikoje? Kama jibu ni nanogramu 3 kwa lita na mvua yako ina 8, hamna data hapo. Kama mashine haipatikani karibu, tafuta maabara ya nje ya kushirikiana nayo, weka mkataba wa sampuli mapema, na hesabu gharama ya usafirishaji ndani ya bajeti. Barua ya kibali cha utafiti ya chuo ianze kushughulikiwa wiki hiyohiyo, na data za mvua za miaka ya nyuma ziombe TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Hatua ya 3: Chagua sehemu ya kutega mvua

Paa tambarare la chuo linafaa kuliko uwanja wa chini, mradi kusiwe na bomba la jenereta, jiko la mkaa wala jalala linalochomwa jirani. Kanuni ya miti na kuta ni rahisi: kitu kikizidi mdomo wa faneli ya kukingia mvua kwa mita 6, kaa mbali nacho angalau mita 6. Chini ya mwembe usitege kabisa, majani yanakusanya zebaki ya hewani alafu matone yanayodondoka yanakuja nayo.

Alafu kuna kunguru. Kunguru wa Dar ataona faneli yako ni kiti chake na kinyesi kimoja kinaua sampuli nzima, kwa hiyo zungushia miiba ya plastiki pembeni, isiwe juu ya mdomo.

Hatua ya 4: Chupa na faneli

Hapa msinifanyie haraka. Chupa iwe ya kioo cha borosilikati au Teflon. Zile za plastiki ya kawaida, hata ziwe mpya, mvuke wa zebaki unapita kwenye ukuta wake, na ukikaa nazo kwenye chumba ambacho kuna kipimajoto kilichovunjika zamani utashangaa namba zako. Osha kwa asidi ya haidrokloriki kama maabara yenu ilivyopanga, suuza kwa maji safi ya maabara mara nyingi, funga, weka kwenye mfuko wa zipu, huo mfuko weka ndani ya mfuko mwingine wa zipu.

Mtandao wa Marekani unaoitwa Mercury Deposition Network, wanaopima mvua kila wiki tangu miaka ya 1990, wanatumia faneli ya kioo, chini yake kimrija chembamba sana, kinaingia kwenye chupa ambayo tayari ina mililita 20 za asidi ya haidrokloriki ya asilimia 1. Asidi inaishikilia zebaki isitoroke wala isigande ukutani, na kile kimrija kinapunguza hewa kuingia na kutoka. Iga hivyohivyo. Pima uzito wa chupa kabla na baada, maana hizo mililita 20 lazima uzitoe kwenye hesabu.

Kama huna mtego wa umeme unaojifungua wenyewe mvua ikianza, funika kwa mkono na ufunue mvua inapoanza, alafu funika ikikata. Inachosha, najua, masika usiku wa manane unapanda ngazi. Lakini ukiacha wazi siku zote, kiangazi vumbi linaingia, na mvua ya kwanza inakupa namba kubwa ambayo nusu yake inaweza kuwa vumbi la barabarani.

Hatua ya 5: Mikono miwili

Fanyeni kazi wawili. Mmoja anagusa chupa na faneli peke yake, hagusi kitu kingine chochote. Mwingine anafungua mfuko wa nje, anashika ngazi, anaandika daftari. Wote glavu, na yule wa chupa anabadilisha kila akishuku. Msipumue juu ya mdomo wa chupa, hasa kama una jino lililozibwa kwa amalgamu, amalgamu ni zebaki nusu yake hivi. Na hili nalisema bila kumsema mtu: baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, anayetumia mkorogo asishike chupa.

Kila safari ya kuchukua sampuli, beba chupa ya blanki. Unamimina maji safi kwenye faneli palepale juu ya paa, yanapita njia yote, unayapima kama mvua.

Hatua ya 6: Maabara

Kwenye sampuli unaweka bromini monokloraidi, ndani ya kabati la kunyonya moshi tafadhali, inageuza kila aina ya zebaki kuwa moja. Bromini monokloraidi iliyobaki unaiua kwa hidroksilamini, alafu stanasi kloraidi inafanya zebaki iwe mvuke, gesi inaupuliza mpaka kwenye mtego wa dhahabu. Geita mchimbaji anatumia zebaki kunasa dhahabu, sisi dhahabu inanasa zebaki, ni urafiki uleule. Mtego unapashwa moto, zebaki inatoka kwa mkupuo, ditekta inasoma mwanga wake. Njia hii inaitwa EPA 1631, ya shirika la mazingira la Marekani, inaweza kuona mpaka nanogramu 0.2 kwa lita. Stendadi yako ya kukagua, yaani sampuli ambayo zebaki yake unaijua tayari, ikirudi nje ya asilimia 77 mpaka 123, simama, tafuta tatizo, usiendelee na sampuli.

Hatua ya 7: Hesabu

Usichukue wastani wa kawaida. Tuseme mvua moja ni milimita 5 yenye nanogramu 20 kwa lita, nyingine milimita 45 yenye 6. Wastani wa kawaida ni 13, uongo huo. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo ya kwanza imeshusha nanogramu 100, ya pili 270, jumla 370 kwa mita ya mraba, gawa kwa lita 50 unapata 7.4. Mvua ndogo huwa na zebaki nyingi kwa kila lita kwa sababu matone ya mwanzo ndo yanafagia hewa, ila mzigo mkubwa unaletwa na mvua kubwa. Weka pia kipima mvua cha kawaida pembeni ulinganishe: faneli ya kipenyo cha sentimita 15 kwenye mvua ya milimita 20 ikupe kama mililita 353, ukipata pungufu sana ujue maji yamepotea.

Hatua ya 8: Kabla hujamnyooshea mtu kidole

Ukipata namba ya juu usikimbilie kuandika Geita au Chunya kwenye wachimbaji wa dhahabu. Masika ikishika kusi huwa imeanza, hewa inatoka baharini. Ingia HYSPLIT, programu ya kufuatilia njia ya hewa ya NOAA (shirika la bahari na anga la Marekani), ni bure mtandaoni, ifuatilie hewa ya siku hiyo ilikopita. Mawingu marefu ya radi nayo yanachota zebaki ya juu sana ambayo imezunguka dunia nzima. Na ukiongea na wananchi wanaokinga maji ya mvua, waambie ukweli wote: mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita, sawa na nanogramu 6,000, hiyo 7.4 ya mfano wetu iko mbali sana chini yake. Mtu asiache kukinga maji kwa sababu ya grafu yako.

Hatua ya 9: Kazi baada ya digrii

Afrika rekodi ndefu za zebaki ya angani ni chache mno, Cape Point kule Afrika Kusini wanapima hewa tangu 1995. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, 2020, na mkataba huo unahitaji watu wa kupima, kuripoti na kukagua kama uchafuzi unapungua kweli. Milango ni NEMC (baraza la mazingira), Mkemia Mkuu wa Serikali, vyuo, miradi ya wachimbaji wadogo, na PhD za nje. Kwenye maombi, pamoja na CV, ambatanisha jedwali la blanki zako na sampuli rudufu kabla ya grafu yoyote ya rangi, mtu wa zebaki ataanza kusoma hapo. Vuli inaingia Oktoba, kwa hiyo chupa zianze kuoshwa Agosti.